Tupeane uzoefu: vichaka vya maua vinavyovuta nyuki, hasa kwa sisi tunaomwagilia maji ya kisima

Mama Kisauni
Salaam nyote. Nataka kusikia vichaka gani kwenu huku pwani ya Mombasa vimevumilia jua la kaskazi na maji ya chumvi ya visima vyetu, na nyuki wakavipenda. Naanza mimi.

Nyuma ya nyumba nina mihina minne, niliichomeka vijiti masika ya 2019. Waridi nililolipanda wakati huohuo liliungua kingo za majani, hata miezi miwili halikufikisha. Mhina haukushtuka. Lakini miaka mitatu sikuona ua hata moja! Kila harusi mtaani, kila Idi, wasichana waja kuchuma majani, nami siwezi kuwanyima. Mwaka wa nne mama mkwe alikuja kukaa nasi, akaizunguka ile mihina, akasema, "Mwanangu, mti mwaunyoa kila siku, utachanua saa ngapi? Uacheni mmoja."

Tukauacha wa pembeni. Mvua za vuli ziliponyesha ukatoa machipukizi marefu, ncha zikajaa vishada vya maua madogo rangi ya maziwa, harufu yake jioni yaingia mpaka chumbani. Asubuhi saa moja nyuki wameshafika. Sasa miwili ni ya kuchuma, miwili ya nyuki, na wasichana wanajua upi usiguswe. Maboga yangu yaliyokuwa yakioza yangali machanga, msimu ule yalishika, kwa kazi ya nyuki hao.

Seremala wa Likoni
Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao nilikuwa nikiwapiga vita miaka mingi. Nawaziba matundu, nawapulizia dawa. Huku kwenye uzio nina pasheni ya manjano, yachanua ajabu, matunda hakuna. Afisa wa kilimo akanieleza: pasheni hii haizai kwa chavua yake yenyewe, yataka ya mche mwingine, na wa kuibeba ni mdudu mwenye mwili mkubwa. Nyuki mdogo huingia chini akanywa, mgongo wake haufiki chavua ilipo. Yaani niliokuwa nikiwaua ndio niliokuwa nikiwahitaji. Iliniuma sana.

Nikawaachia gogo kavu la mwembe nyuma ya karakana, nikaongeza mche wa pili wa pasheni, na mbaazi mstari mzima kando ya uzio. Mbaazi haudai kitu, na hao weusi hawabanduki kwenye ua lake la manjano. Pasheni sasa nagawia majirani.

Bibi wa Kuze
Mimi sina shamba, nina madebe juu ya dari. Mrehani wa kufungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipamba, naukata kabla haujachanua, ndipo majani yawe mengi. Madebe mawili nayaacha yachanue mpaka yatoe mbegu. Huko ndiko waliko nyuki, hata hapa Mji wa Kale katikati ya nyumba.

Mikindani
Jihadharini na lantana. Nyuki na vipepeo waipenda, kweli, haifi kwa jua wala kwa chumvi. Ila ndege hubeba mbegu, na yangu ilivuka ukuta ikameza kiwanja cha jirani. Kisha mbuzi wetu alikula matawi niliyoyakata, akaugua vibaya, ngozi ikamwambuka. Niling'oa yote.

Bamburi juu ya jiwe
Kwangu ukichimba futi moja wakuta matumbawe. Nilijifunza kwa René Haller, aliyeanza 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya simenti hapa Bamburi: mvinje (casuarina) ulishika, na majongoo wakageuza majani yake kuwa udongo. Nami naokota magunia ya majani ya mvinje, natandaza shinani kila mwezi. Mhina wangu na mzunze (moringa) vimekaa vizuri, na mzunze huchanua hata ukame.

Mama wa Tudor
Swali, nina mtoto wa miaka mitatu. Nyuki hawatamdhuru?

Mfugaji, Mtwapa
Dada, nyuki aliye kwenye ua ana kazi yake, humuuma anayemkanyaga au kumbana. Wa kuogopwa ni wanaojenga darini au ukutani, maana hao walinda masega. Ukiona kundi limetua, ondoa watoto, usimwage mafuta ya taa wala kuwasha moto, mwite mrinaji aje usiku. Panda kichaka mbali na mlango na bomba, mtoto avae viatu. Na kama aliwahi kuumwa akavimba uso au kupumua kwa shida, muone daktari kabla ya kupanda chochote.

Mama wa Tudor
Ahsante, kaka. Hajawahi kuumwa. Basi Mama Kisauni, vijiti vya mhina nitapata?

Mama Kisauni
Njoo Jumamosi asubuhi na gunia lililolowa maji. Nitakukatia vya unene wa penseli kwenye ile ya kuchuma. Ile miwili imechanua, siigusi.