Mdogo wangu anaidai klabu mishahara, ila umri aliosajiliwa nao si wake. Amwambie wakili ukweli wote?

Dada wa Gungu:
Mwidiwe wakuu. Niko Kigoma mjini, naomba ushauri kwa wanaojua sheria na mpira.

Mdogo wangu ni beki wa klabu moja, jina naliacha. Miezi mitatu hajapata mshahara na ada ya usajili alipewa nusu. Akiuliza anaambiwa asubiri mapato ya mlangoni. Tumepata wakili hapa mjini. Sasa kikwazo: wakati wa usajili kiongozi mmoja alimpunguzia umri miaka miwili, akamletea cheti cha kuzaliwa kingine kabisa. Na wakili mwenyewe tunamwona akiangalia mechi meza moja na viongozi wa klabu hiyo hiyo. Mjomba anasema hilo la umri tulifiche. Mimi naona tukimficha wakili tutaumbuka mbele ya kamati ya mpira itakayosikiliza madai. Tufanyeje?

Mzee wa Reli:
Pole sana. Kwanza hakikisheni ni wakili kweli. Mahakama wana mfumo wa e-Wakili, unatafuta jina lake na kuona kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Vishoka ni wengi, na siri yako kwa kishoka haina ulinzi wowote.

Sheria Kwanza:
Dada, mwambieni yote. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamzuia wakili kutoa yale mteja aliyomwambia kwa ajili ya kazi aliyompa, mpaka mteja mwenyewe aridhie. Hata mkiachana naye mwakani, katazo hilo linabaki.

Ila shikeni mipaka yake, maana wengi huumia hapo. Dogo akisema "nilisajiliwa kwa cheti kisicho changu", hiyo ni siri ya mteja. Akisema "nisaidie kupata cheti kingine kinachofanana na kile", hapo anaomba msaada wa kutenda kosa, na sheria hailindi maongezi ya namna hiyo. Vilevile wakili hawezi kusimama mbele ya kamati akadanganya kwa niaba yenu. Ndiyo maana anatakiwa kujua mapema, apange madai yasimame juu ya mkataba na kazi iliyofanyika.

Kuhusu urafiki wake na viongozi: muulizeni uso kwa uso, kabla ya kumweleza lolote, kama amewahi kuifanyia klabu hiyo kazi. Kama amewahi, tafuteni mwingine. Kuangalia mpira pamoja si kosa, kutumikia pande mbili ndilo kosa.

Bi Mkubwa Ujiji:
Nakubaliana, naongeza moja. Mjomba asiingie ofisini. Anayefungwa mdomo na sheria ni wakili na wasaidizi wake wa ofisini. Mjomba hafungwi, na akiitwa kutoa ushahidi ataulizwa alichosikia. Na haya mambo msiyaweke kwenye grupu la familia, mtu mmoja akiyasambaza mmekwisha.

Kijana wa Kibirizi:
Mimi naongelea mpira. Hii tabia ya kukata umri imetugharimu muda mrefu. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walienguliwa fainali za Afrika za vijana za 2005 kwa sababu hiyo hiyo, kikosi kizima kikakosa safari ya Gambia. Na anayebebeshwa lawama siku zote ni mchezaji! Kiongozi aliyekileta hicho cheti ndiye wa kubanwa kwanza.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Kwa nini msiende mahakamani moja kwa moja? Kamati za mpira zinachelewa mno.

Sheria Kwanza:
Mkuu, mpira una ngazi zake, na FIFA hawataki migogoro yake ikimbizwe kwenye mahakama za kawaida. Hata Yanga mwaka 2025, sakata la dabi iliyoahirishwa Machi 8, walikwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za ndani. Kwa mchezaji, mlango ni Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la mpira la nchi.

Dada, kanuni za FIFA zinasema mshahara wa miezi miwili usipolipwa, mchezaji anaiandikia klabu, anaipa angalau siku 15, wasipolipa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Asiache mazoezi kwa hasira kabla ya hapo, watageuza kibao waseme ametoroka kambi.

Dada wa Gungu:
Asanteni mno wakuu. Tumemwona kwenye e-Wakili, yupo. Dogo ataingia peke yake, mimi nitakaa nje na mjomba. Hiyo barua ya siku 15 anasaini nani?

Sheria Kwanza:
Yeye au wakili wake, yote sawa. Muhimu nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa pale klabuni, ibaki kwenu. Wakikataa kugonga, itumeni kwa EMS ya Posta na mtunze risiti.