Tupeane uzoefu: umeacha nyama kwa ajili ya ng'ombe au kwa ajili ya presha?

Dada wa Tabata (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo mchana kwa mama ntilie, Posta, tumebishana hadi wali umepoa. Mwenzetu ofisini kaacha nyama kwa sababu ya presha, na sasa kila mtu anamwita vegani, yaani mtu asiyetumia chochote kitokanacho na mnyama. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa, mkanda na viatu vyake ni vya ngozi.

Mimi ni vegani, na sikuanzia kwenye afya. Siwezi kumlipa mtu amchinje kiumbe anayetaka kuishi. Ndiyo maana mayai, maziwa, asali na ngozi navyo nimeviacha. Donald Watson na wenzake walipoanzisha jumuiya ya vegani Uingereza mwaka 1944, walijitenga na wenzao wasiokula nyama ila wakaendelea na maziwa. Waliona ng'ombe wa maziwa naye anatumikishwa.

Mlo wa mimea kwa ajili ya afya ni jambo jema, lakini kipimo chake ni mwili wako. Chipsi kavu na soda havina mnyama ndani yake, je, ni afya hiyo? Mlioacha nyama, mliacha kwa lipi, na nyumbani walilipokeaje?

Mzee wa Kinyerezi
Mimi ni wa presha, sina ugomvi na ng'ombe. Sikukuu nikikaribishwa kipande nakula. Siku nyingine ni dona, mchicha, maharage, matunda. Ila niwaambie ukweli, mwanzoni nyama ilitoka na presha ikabaki palepale. Daktari akauliza maharage yanapikwaje. Tui zito la kwanza, chumvi ya kutosha, na chapati inayoacha alama ya mafuta kwenye sahani. Vyote mimea! Tulipopunguza chumvi na tui ndipo vipimo vikaanza kushuka. Dawa sijaacha.

Mpita Njia
Naunga mkono hoja, mzee wangu. Shikamoo.

Kijana wa Vingunguti
Dada, umenigusa pabaya. Nimekulia jirani na machinjio. Nikiwa mdogo nilimwona ng'ombe ameshushwa kwenye lori, goti limelegea, hawezi kuinuka. Wakamkunja mkia mpaka ukalia. Akainuka. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi. Nyama ikaanza kunishinda pale, na nilipoanza kujitegemea nikaacha kila cha mnyama.

Sasa mwaka huu nimekwenda ukweni Mbagala kujitambulisha. Sinia likaletwa, pilau la nyama, harufu ya bizari mpaka barabarani. Nikasema kwa adabu, mama, nashukuru sana, mimi nitakula kachumbari na ndizi. Kimya. Mjomba wa mchumba wangu akasogeza sinia mbele yangu, akaniuliza, "Kijana, unatuona sisi wachawi?"

Mchumba akatoka jikoni mbio. "Mjomba, ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza nyama." Wakuu, nyumba nzima ikalainika! Shangazi akaanza kunipa dawa ya mlonge, mama akaenda kunipashia kisamvu cha karanga, mjomba akanipa pole. Niliona nikinyamaza, nitakuwa mgonjwa maisha yangu yote. Nikasema, "Mjomba, sina vidonda. Sili kwa sababu namhurumia mnyama." Akasimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Posa imesogezwa hadi haijulikani lini.

Mama Wawili
Jamani! Mchumba anasemaje?

Fundi wa Gongo la Mboto
Ungekaa na vidonda vyako, kaka. Heshima ya wakwe kwanza, maelezo baada ya ndoa.

Mama Wawili
Hapana, amefanya vizuri. Watoto wakizaliwa utawaambia baba ana vidonda mpaka lini?

Mtu wa Kigamboni
Mungu ametuhalalishia wanyama. Huyu anataka kuwa na huruma kuliko Muumba? Na sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008, aliyemkunja ng'ombe mkia ashitakiwe, basi.

Dada wa Tabata
Mkuu, kuhalalishiwa si kulazimishwa. Na sheria hiyo inazuia mateso, haizuii kuchinja. Kijana anazungumzia kuchinja kwenyewe.

Msabato wa Ubungo
Wengi wetu Wasabato tunaepuka nyama kwa mafundisho ya afya, kwamba mwili ni hekalu. Maziwa wengi tunakunywa. Msituweke kwenye kundi la vegani, wala msituone kama tumekula mboga kwa kukosa hela.

Mkazi wa Upanga
Mna makundi mawili, mimi naongeza la tatu. Majirani zangu Wajaini, wafuasi wa dini moja yenye asili ya India, hawali kiumbe, hata viazi na vitunguu walioshika sana dini wanaviacha kwa sababu kuving'oa kunaua vilivyomo udongoni. Lakini samli na maziwa kwa kawaida wanatumia. Huruma ile ile, mpaka wake ni mwingine.

Muuguzi wa Temeke
Mmebishana sana, sasa nisikilizeni. Awe wa huruma au wa presha, aliyeacha nyama, samaki, maziwa na mayai kabisa anahitaji vitamini B12 ya vidonge au ya chakula kilichoongezewa. Mimea haina ya kutegemewa. Ini huhifadhi akiba ya miaka, ndiyo maana mtu anajiona mzima, halafu ganzi miguuni, ulimi unauma, kumbukumbu inapungua. Na madini ya chuma: kamulia limau kwenye maharage na mboga, chai iache mpaka chakula kitulie.

Mtu wa Kigamboni
Mababu zetu walikula vidonge gani?

Muuguzi wa Temeke
Walikula dagaa, kaka.

Kijana wa Vingunguti
Mama Wawili, mchumba yupo upande wangu, ila amekasirika nilivyomuumbua mbele ya watu. Bibi yake ameagiza niende Jumapili, atamwita mjomba. Muuguzi, na mimi miguu inakufa ganzi usiku. Ninunue tu hivyo vidonge?

Muuguzi wa Temeke
Usinunue kwanza. Nenda hospitali kesho ukapimwe damu, na uwaambie wazi tangu lini umeacha vya wanyama vyote.