Kadi ya grafiksi ya bei ya chini isiyokula umeme wala kuchemsha chumba, nichukue ipi?

kijana_wa_tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina Dell OptiPlex 7010 ile ya mnara, i5-3470, RAM 16, pawa saplai ni ileile iliyokuja nayo ya wati 275. Nataka niweke GPU, yaani kadi ya grafiksi, nicheze gemu za mpira na GTA V, pia naediti video za 1080p. Kariakoo nimeoneshwa RX 580 yenye memori ya GB 8, imetumika, bei inakaribiana kabisa na GTX 1650 ya GB 4, sasa GB 8 zinanivuta ila chumba changu ni cha bati, sina AC ni feni tu, mchana hapakaliki. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

fundi_wa_kilwa:
Mkuu hiyo RX 580 achana nayo kwa mashine hiyo. Inakula mpaka wati 185 peke yake, prosesa yako 77, hapo ushafika 262 hujahesabu diski, feni wala bodi, na pawa saplai ni ya 275. Halafu inataka waya wa pini 8 ambao hiyo pawa saplai haina, na wale wanaokuambia utumie adapta ya kuunga waya za diski usiwasikilize, waya zinaungua kweli. Sloti ya PCIe, lile tundu la kwenye bodi unapochomeka kadi, inatoa mwisho wati 75, kwa hiyo tafuta kadi inayojitosheleza kwenye sloti: GTX 1050 Ti, GTX 1650, au mfuko ukiruhusu RTX 3050 ya GB 6 ambayo ni wati 70. Angalia iwe GB 6, ile ya GB 8 ni wati 130 na inataka waya. Na 1650 nayo ikague, zipo zenye tundu la pini 6 juu, hizo ziache.

zuhura_edit:
Naomba nitofautiane kidogo kaka. Mimi natumia RX 580 kwenye kuediti na zile GB 8 zinasaidia sana ukiweka efekti nyingi, nimeshusha volteji kwenye programu ya AMD yenyewe na joto likapungua vizuri tu. Ila kweli nilibadilisha pawa saplai na kesi yangu ina feni tatu.

fundi_wa_kilwa:
Dada sikupingi, kwa mashine yako sawa. Ila yeye akinunua na pawa saplai ile bei nafuu imeshapotea. Na joto tusilisahau, kila wati kadi inayokula inatoka kama joto mle chumbani, hata uweke feni kumi unalihamisha tu kutoka kwenye kesi kuja kwako. Tufanye gemu saa 4 kwa siku: kadi ya wati 75 ni unit 9 kwa mwezi, ya 185 ni kama unit 22. Kama LUKU yake ipo kwenye ile tariff ya unit 75 kwa mwezi, hizo 13 za ziada zinaweza kumvusha mstari, na ukivuka unit inatoka shilingi 100 inakuwa 350. Kwa mpangaji hiyo ni hela.

baharia_gpu:
Naongezea, 1050 Ti feki zipo nyingi sana, kadi ya zamani imebadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili isomeke 1050 Ti. Usilipe kabla hawajaichomeka na kufungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikiwa feki itaandika FAKE kabisa. RX 6400 ni wati 53 tu lakini inatumia njia 4 tu za data za PCIe na PCIe ya bodi yako ni ya kizazi cha 3 kwa hiyo itabanwa, tena haina enkoda ya video (sehemu inayosaidia kutoa video haraka), kwa mtu wa kuediti hapana.

kijana_wa_tabata:
Asanteni sana wakuu, basi naifuata 1650 isiyo na waya. Kwa hili joto la Dar itavumilia?

fundi_wa_kilwa:
Itavumilia. Ikigusa nyuzi 83 hivi itaanza kupunguza spidi yenyewe, kwa hiyo funga fremu kwenye 60 kwa sekunde, na kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha pawa limiti iwe asilimia 85, utapoteza fremu chache sana. Kama imetumika badilisha pesti ya kupitisha joto kwenye chipu, puliza vumbi kila baada ya miezi miwili mitatu, na usiibananishe ukutani maana hiyo OptiPlex inatolea hewa nyuma.

kijana_wa_tabata:
Poa mkuu. Jumamosi naenda na flashi yenye GPU-Z.