Turbo ya mtumba Malindi: gari ndilo bovu, au sisi ndio tunaoliua?

Mpwa wangu anafundisha shule ya msingi hapa Malindi. Mkopo wake wa sacco umetoka, na tangu Ijumaa barazani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Ameona Subaru Legacy B4 ya turbo, nyeusi, ya mwaka 2008, na bei yake haizidi ile ya Toyota Premio iliyochoka. Nusu ya baraza inamwambia chukua, hiyo ndiyo gari. Nusu inamwambia anakwenda kununua deni. Naleta mjadala hapa kwa sababu vijana wengi wa Pwani wanaifanya hesabu hiyo hiyo, na wengi wanaifanya peke yao.

Msimamo wangu nautoa mapema. Injini ya turbo, yaani yenye kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, si mbovu kwa asili yake. Lakini hii turbo ya bei rahisi tunayouziwa sisi, kwa mtu mwenye gari moja na mshahara mmoja, mimi nasema asiiguse mpaka ajue imelishwa oili gani tangu ifike nchini.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Legacy ya 2008 haishuki melini leo. Mitsubishi Lancer Evolution IX haishuki, na hata Evolution X, ambayo ilikoma kutengenezwa 2016, muda wake umekwisha. Zilizopo ni hizi zilizomo humu humu nchini, zimepita mikono mitatu, minne. Mkono mmoja ukikosea miaka miwili, anayelipa ni wa mwisho.

Na mimi nimewahi kuwa huyo wa mwisho. Legacy yangu ilianza kupiga mlio mwembamba kila nikipita msitu wa Arabuko-Sokoke kwa mwendo. Gereji moja ikaniambia ni mkanda wa fenibelti. Baada ya wiki tatu, nikitoka Kilifi, moshi wa buluu ukatanda nyuma hadi sikuona taa za lori lililonifuata. Gari lilipofunguliwa, fundi mwingine alinitilia mkononi bolti ndogo yenye tundu, ile inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Ndani yake mna kichujio cha wavu, hakizidi ncha ya kidole. Kilikuwa kimeziba kwa masizi, kigumu kama kaa la jiko. Kisha akanishikisha mhimili wa turbo. Nikausukuma kwa vidole viwili, ukacheza huku na huku, mapanga yake yakagusa ukuta. Mhimili ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoubeba ni utando wa oili tu. Oili ikikatika, hakuna dua.

Turbo ya mtumba kutoka Mombasa ilinitoka 58,000. Ukiongeza gasketi, oili, bolti mpya na kazi ya fundi, nilipita 80,000. Mkanda wa taimingi nao ulikuwa umefika wakati wake, maana kwenye injini ile ya EJ20 hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Sikuthubutu kuuacha.

Sasa mnaosema tatizo ni Subaru tu, tulinganishe. Evolution mpaka ya IX ina 4G63, injini ya bloku ya chuma cha kalibu, na kwa uimara wa ndani mimi naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Evolution X ikaja na injini ya 4B11 ya alumini, ya cheni badala ya mkanda wa taimingi, nayo ni nzuri. Lakini matoleo mengi ya X yana pampu ya kugawa nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na imewekwa pale pale karibu na gurudumu. Uingereza pampu hizo zimeliwa sana na kutu kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Sisi hapa chumvi tunaipumua! Mtu anayelaza gari lake upande wa bahari, au anayekwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi kila siku, alifikirie hilo kabla ya kuangalia spoila.

Za Ulaya hata zisinivute. Volkswagen na Audi za injini ya EA888 za mwanzo zilijulikana kwa ubovu wa kitensheni, yaani kikaza cheni, na kwa kunywa oili. BMW yenye injini ya N20, hasa za kabla ya 2015, zilikuwa na miongozo ya cheni inayokatika. Mercedes C-Class ya injini ya M271, cheni kurefuka. Ni gari tamu kuendesha, sikatai, lakini ukisikia cheni inakwaruza asubuhi na wewe uko Malindi, mwenye mashine ya kuisoma vizuri yuko Mombasa, kilomita kama 120.

Karibuni.

Mwenye Legacy, Watamu:
Kaka, kwa heshima, umeungua na maziwa sasa unapuliza mtindi. Mimi langu nalitumia mwaka wa sita. Oili naimwaga kila kilomita 5,000, sintetiki, ya kopo lililofungwa, si ya kupimiwa. Nikifika nyumbani sizimi papo hapo, naliacha lipumue dakika moja, mbili, maana ukizima turbo ikiwa ya moto oili inaungua mle ndani na ndiyo masizi uliyoyaona. Halijanilaza njiani hata siku moja. Na msisahau hizi ni gari zilizotushindia Safari Rally: McRae 1997 na Burns 2000 kwa Subaru Impreza, Mäkinen 1996 na 2001 kwa Lancer. Barabara zetu hizi hizi. Leo mtaniambia haziwezi kufika Mambrui?

Dereva wa teksi, uwanja wa ndege:
Ndugu zangu, za mashindano zilikuwa na kikosi cha mafundi kikizisubiri kila kituo. Mwalimu atasubiriwa na nani? Mimi naangalia petroli. Turbo ya lita 2 humu mjini hainipi zaidi ya kilomita 8 kwa lita. Premio ya 1500 inanipa 13, hata 14. Fanyeni hesabu ya mwezi mmoja mniambie. Halafu kuna siku gari haliamki. Siku hiyo mimi sili.

Fundi, Maweni:
Wazee wangu, wote mmesema kweli ila mmeruka petroli yenyewe. Hizi injini za Japani zilipangiwa petroli yao ya juu, ambayo kwa kanuni zao ni oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 96 kwenda mbele. Yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Injini inahisi kugonga, kompyuta inachelewesha cheche, unapoteza nguvu kidogo lakini unaishi. Sasa mtu analeta gari lililochezewa kompyuta ili lisukume zaidi, anatia petroli ya mkebe isiyojulikana, pengine ina mafuta ya taa ndani. Hapo injini inagonga mpaka pistoni inapasuka kwenye mtaro wa ringi. Hiyo si turbo tena, hiyo ni kufungua injini nzima. Mafuta ya taa serikali iliyatoza kodi ya kuzuia uchanganyaji mwaka 2018, lakini mikebe ya njiani bado ipo.

La pili ni joto. Subaru intakula yake, kile kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, inasubiri upepo wa ile pua ya boneti. Ukiwa mbioni, sawa. Ukikwama foleni ya Mtwapa saa nane mchana mwezi wa tatu, intakula inapikwa na injini kutoka chini, hewa inaingia moto. Basi usitoke kwenye foleni ukakanyaga hadi mwisho. Ipe mwendo wa pole kwanza ipoe.

La tatu, rejeta. Msinitilie maji ya kisima. Maji ya hapa yana chumvi, yanakula alumini, nami nakuja kuona kutu imejaa kwenye hozi. Kunyweni nyie hayo maji, gari lipeni kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Mwalimu aje na gari kabla hajalipa. Nitapima kompresheni silinda zote nne, nitatoa hozi ya intakula nione kama ina oili, na ile bolti nitaifungua mbele yake. Kazi ya asubuhi moja.

Mwenye Legacy, Watamu:
Fundi amesema. Mimi langu halijachezewa kompyuta, labda ndiyo siri.

Mwanzisha mjadala:
Bwana wa Watamu, nakupa haki yako. Ile dakika moja ya kuliacha lipumue mimi sikuwa naifanya. Nilikuwa nazima nikiwa bado nafungua mlango. Na oili nilikuwa nabadilisha kwa kilomita 10,000 kama nilivyozoea na Toyota. Sehemu ya lawama ni yangu. Lakini wewe unaongea kama mtu aliyelijua gari lake tangu mwanzo. Mpwa wangu anarithi tabia za watu watatu asiowajua, na akiharibikiwa, watoto wa darasa la nne wanamsubiri. Kwake bado nasema Premio, au kama moyo wake uko kwenye nguvu, Toyota Mark X ya lita 2.5, silinda sita, cheni, haina turbo. Itakunywa petroli, ila haina mhimili wa kubembeleza.

Hata hivyo tulifuata shauri la fundi. Tulimwomba muuzaji alilete gari Jumamosi saa moja asubuhi likiwa baridi, lisiwashwe tangu usiku, ili tusikie linavyoamka na tuone moshi wa kwanza. Akakubali kwa simu. Alifika saa mbili na nusu. Fundi hakuuliza kitu, aliweka kiganja juu ya ile pua ya boneti, akakiondoa haraka. Muuzaji akasema amelala mtaa wa pili tu, hajatembea mbali. Tukamwomba aliache mpaka Jumapili lipoe. Akasema kuna mteja mwingine anamsubiri Kilifi, akawasha, akaondoka.

Mpwa wangu bado anatafuta.