Mrejesho: ile nyumba ya paneli Makunduchi imesimama, ila...

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka jana nliuliza hapa nijenge kwa matofali au nichukue nyumba ya paneli za kiwandani zinazokuja kuungwa tu kiwanjani, sasa nakuleteeni ilivokwenda.

Ahsante sana yule alosema nipime levo ya zege la msingi kabla mzigo haujafika. Tukapima kwa mpira wa maji, kona moja imezama sentimita 3, tukairekebisha, maana paneli zimeshakatwa kiwandani na huwezi kuibia kwa simenti kama tofali. Kuta na paa siku 9 tu, jirani yangu bado anahangaika na mchanga, na mchanga wa Unguja ulivo shida kupatikana mnajua wenyewe.

Nlipokosea, mliniambia nipime njia nkapuuza. Gari ya kontena ikakwama kwenye kona ya mnazi, vijana wakabeba paneli mabegani, mbili zikapinda pembe.

Halafu chumvi. Bolti nilizoletewa si za chuma kisichoshika kutu, miezi 4 tu upande wa pwani zishakuwa nyekundu, nabadilisha moja moja. Kabati la jikoni nalo lilidondoka na vikombe vyake, ukuta haubebi mpaka uweke mbao kwa ndani.

Joto halisumbui, povu la ndani ya paneli linasaidia, ila mvua ya masika ikianza kupiga bati hamsikizani. Na bei, ukitia usafiri na ushuru, haikupungua kama nlivodhani. Nlichookoa ni muda.

Anotaka kuja kuiona aje, chai ipo.