Gitaa la besi linavuma kanisani: tatizo ni ethi au ni pikapu zenyewe?

MpigaBesi_Mwanza:
Ndugu zangu, ninapiga besi katika kwaya ya kanisa letu hapa Mwanza. Gitaa langu nililinunua likiwa limetumika. Ni nakala ya Jazz Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, yenye pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) mbili za koili moja moja, voliamu mbili na toni moja. Nyumbani mvumo wake unavumilika, lakini kanisani, ambako kuna taa za tyubu juu ya jukwaa, unakuwa mkubwa kiasi cha kusikika wakati wa sala. Nikishika nyuzi unapungua, ila hauishi. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nikifungua voliamu zote mbili hadi mwisho mvumo unaongezeka, ilhali nimesoma kwamba gitaa la aina hii hutulia katika hali hiyo.

Fundi mmoja alinishauri niutoe waya wa ethi, yaani ule wa usalama unaokwenda ardhini, ndani ya plagi ya amplifaya, nami nikafanya hivyo, na kweli kelele zilipungua. Hata hivyo, Jumapili iliyopita midomo yangu iligusa maikrofoni nikiwa nimeshika nyuzi, nikapigwa na umeme. Je, nitandaze foili ya jikoni ndani ya mwili wa gitaa, au tatizo liko kwingine?

Mtambo_wa_Sauti:
Pole sana, ndugu. Kabla ya kugusa gitaa, naomba uurudishe waya huo leo hii. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na daraja (kipande cha chuma zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), daraja na wavu wa nje wa kebo, na wavu huo na chasisi ya amplifaya. Kwa hiyo hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya isiyo na ethi, umeme wa volti 230 unaweza kufika kwenye vidole vyako, na maikrofoni ambayo ethi yake ni nzima kupitia mikseri inaupa njia ya kupita mwilini mwako. Wapo wanamuziki waliokufa kwa namna hiyo.

Kelele zilipungua kwa sababu ulikata mzunguko wa ethi kati ya amplifaya na mikseri, ambazo nadhani zimechomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbalimbali. Zichomeke zote katika ekstensheni moja yenye ethi nzima. Ikiwa unapeleka sauti kwenye mikseri, tumia kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na mikseri) chenye swichi ya kukata ethi, kwani swichi hiyo inakata wavu wa kebo ya sauti tu na kuiacha ethi ya umeme mahali pake.

Fundi_wa_Magitaa:
Nakubaliana na aliyetangulia, na ninaongeza kwamba gitaa lako linaonekana kuwa na kelele mbili tofauti, ambazo tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni ule mlio mkali wa kukwaruza unaopungua ukishika nyuzi. Huu hutoka kwenye uga wa umeme wa taa na nyaya za ukutani. Mwili wako unaupokea kama antena na kuupeleka kwenye gitaa, na ukigusa nyuzi mwili unaunganishwa na ethi. Kupungua kwake ni dalili kwamba waya unaopita chini ya daraja ni mzima. Thibitisha kwa multimita, baada ya kuchomoa kebo: kati ya daraja na sehemu ya nje ya jeki (tundu la kebo kwenye gitaa) usome chini ya omu 1. Pima pia migongo ya voliamu, maana mara nyingi risasi iliyolehemiwa pale huonekana imeshika kumbe imelala juu tu.

Kwa mlio huo, kutandaza ndani ya mashimo ya gitaa kunasaidia, lakini achana na foili ya jikoni, kwa sababu ni ya alumini na risasi ya kawaida haishiki juu yake. Tafuta utepe wa shaba, ulehemu kila kiungo, kisha uuunganishe na ethi. Chunga jeki: plagi ikiingia, ulimi wake hutanuka, na ukigusa shaba sauti yote inapotea.

Ya pili ni mvumo mzito wa hezi 50, na huo shaba haiuzuii, kwa sababu unatoka kwenye uga wa sumaku wa transfoma. Utautambua kwa kusimama mahali pamoja na kuligeuza gitaa polepole. Pembe fulani utakaribia kuisha. Pikapu mbili za Jazz Bass, kama zimetengenezwa kuwa jozi, huwa na koili na sumaku zinazopingana, hivyo mvumo unajifuta zote zikiwa wazi huku sauti ya nyuzi ikijumlishika. Ukiongezeka, nashuku mwenye gitaa wa kwanza alibadilisha pikapu moja. Chukua dira ndogo, uisogeze juu ya kila pikapu kwa umbali wa sentimita chache. Ncha ileile ikivutwa na zote mbili, si jozi.

MpigaBesi_Mwanza:
Ethi nimeirudisha na ekstensheni ni moja. Daraja lilisoma omu 0.4. Nimetandaza shaba, na mkwaruzo umepungua sana. Dira imevutwa kwa ncha ileile kwenye pikapu zote mbili. Je, nikibadilishana nyaya mbili za pikapu moja nitakuwa nimemaliza?

Fundi_wa_Magitaa:
Hapana. Mvumo utajifuta, lakini sauti za nyuzi nazo zitapingana, na besi itakuwa nyembamba kama inatoka kwenye redio ndogo. Ni lazima sumaku nayo igeuzwe, na katika pikapu hizi usijaribu kuzisukuma sumaku zitoke, kwa kuwa mara nyingi waya mwembamba wa koili umezungushwa moja kwa moja juu yake na utakatika. Nunua jozi iliyotengenezwa pamoja, au zile za koili mbili ndani ya umbo hilohilo, ambazo hutulia hata ukitumia moja. Pima urefu kwanza, kwani katika magitaa mengi ya aina hii pikapu ya karibu na daraja ni ndefu kidogo kuliko mwenzake.