Kura, ukimya au mkuu mmoja: mradi wa chanzo huria uamueje?

Nyakato_Dev
Wadau, programu yetu ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuurekebisha) ya bei za dagaa na sangara ina wachangiaji 16: Mwanza mjini, Igombe, Sengerema na Ukerewe. Hadi leo aliyeianzisha ndiye anayekata shauri. Tubaki na mkuu mmoja kama Linus Torvalds kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, tuhesabu ukimya kuwa ridhaa kama shirika la programu huria la Apache, au tupige kura kama Debian, mradi wa mfumo endeshi unaotumia Linux?

mzee_wa_kerneli
Mkuu mmoja ana kasi, na kwa watu 16 si dhambi. Ila Linus hapitii kila kiraka (badiliko la msimbo) mwenyewe. Vingi vinamfikia kupitia watunzaji wa kila sehemu anaowaamini. Ukimuiga bila watunzaji, unapata foleni. Na mkuu akichoka? Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, aliachia ngazi Julai 2018 baada ya mvutano wa PEP 572 (pendekezo la kubadili lugha hiyo), na hakuteua mrithi. Desemba wakapitisha mfumo wa baraza la watu 5, wasiozidi 2 kutoka kwa mwajiri mmoja.

DadaTerminal
Kwa kazi za kila siku, ukimya. Pendekezo liandikwe sehemu moja (siyo WhatsApp, linazama), likae saa 72, asiyepinga amekubali. Mwenye -1 (kura ya kupinga; +1 ni ya kukubali) kwenye msimbo anazuia, lakini atoe sababu ya kiufundi. "Inaharibu hesabu ya sado kwenda kilo" ni sababu. "Sijaipenda" siyo.

Kutoa toleo ni habari nyingine. Apache hawana turufu (haki ya mtu mmoja kuzuia) hapo: zinatakiwa +1 zisizopungua tatu, na ziwe nyingi kuliko -1. Ukiiga turufu ukasahau kipengele hiki, mtu mmoja anaweza kukalia toleo mpaka watumiaji wahame.

Ukerewe_Kisiwani
Saa 72 kuanzia Ijumaa jioni? Jumamosi Wasabato hawapo, Jumapili wengine kanisani, Jumatatu jioni mmeshafunga. Huo ukimya siyo ridhaa, ni bando limeisha. Sisi tunaokusanya bei, siku za giza tuko mwaloni tangu alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Mambo mazito yapewe siku 7, tena wakati wa mbalamwezi, mwalo ukiwa umepoa.

hesabu_tupu
Naunga mkono. Na mkifika kwenye kura, msiweke alama moja tu. Chukulieni wapiga kura 9 wanaoamua bei ziingizwe kwa njia gani:

4: USSD (menyu za *...# kwenye simu yoyote), kisha SMS, kisha programu ya Android
3: Android, kisha SMS, kisha USSD
2: SMS, kisha Android, kisha USSD

Kwa kura ya kawaida USSD inashinda kwa 4, ingawa watu 5 wameiweka mwisho. Sasa pambanisheni mbili mbili, mtindo wa Condorcet ambao Debian wanautumia: SMS inaipiga USSD 5 kwa 4, inaipiga Android 6 kwa 3. Imeshinda.

mzee_wa_kerneli
Yote hayo kwa rangi ya kitufe?

hesabu_tupu
Hapana mkuu, kwa yasiyorudishika kirahisi: muundo wa data, kumwondoa mtu. Ongezeni chaguo la "hakuna kati ya haya", na akidi (idadi ya chini ya kura). Debian wanachukua kipeo cha pili cha idadi ya wanachama, nusu yake, mara 3. Kwa 16 ni 6: chaguo lisilowekwa juu ya "hakuna" na watu 6 linaanguka.

DadaTerminal
Leseni (masharti ya kutumia msimbo) msiipeleke kwenye kura mkadhani imeisha. Kila mchangiaji ana hakimiliki ya alichoandika, isipokuwa kama aliihamisha kwa maandishi. VideoLAN, watengenezaji wa kicheza video cha VLC, walipoitoa libVLC (injini yake) kwenye leseni ya GPL kwenda LGPL iliyo na masharti mepesi zaidi, iliwabidi wawatafute wachangiaji na kuwaomba ridhaa. Asiyekubali, sehemu yake inaandikwa upya.

Igombe_root
Mnahesabu kura, nywila ya domeni anayo nani? Mwenye akaunti ya msimamizi akikataa matokeo, mtabaki kunakili msimbo na kuanza upya kwa jina jingine. Kwanza wekeni wamiliki 2 kwenye hazina ya msimbo, 2 kwenye domeni, na nakala ya funguo za kutia sahihi matoleo. Hasa hizo: ukipoteza ufunguo wa programu ya Android, simu zinakataa sasisho, mtumiaji anabidi aiondoe na kuipakia upya.

Nyakato_Dev
Domeni na funguo vyote viko kwa mwanzilishi peke yake. Nitamwomba aongeze mtu wa pili wiki hii, halafu Jumanne nafungua pendekezo la siku 7. Ukerewe, mbalamwezi inaanza lini?

Ukerewe_Kisiwani
Jumanne hiyohiyo. Fungua.